Sherehe ya Kumshukuru Mkata Miti

Wapendwa, kaeni. Na ninyi wa nyuma kule mnaozunguka kutafuta viti vya plastiki, kaeni hata kwenye benchi la kwaya, halina miiba. Leo sina maneno matamu. Nimeamka na hasira, na mke wangu ameniambia nisije nayo madhabahuni, nami nimekuja nayo hivyo hivyo.

Nataka kuwapa mfano. Nasema ni mfano. Majina siwapi, kwa sababu nawajua, mkitoka tu hapo nje mtaanza, "Hivi Mchungaji alikuwa anamsema nani?" Usiulize. Ukiona umekuwasha, jikune mwenyewe.

Alikuwepo mkata miti mmoja, kule kwenye mashamba ya misonobari, kwenye ile baridi ya kutoa moshi mdomoni. Aliingia msituni ndevu hazijamwota, akatoka ni mzee. Kazi yake ilikuwa kuangusha miti kwa chenso, ule msumeno wa injini mnaoujua, unaounguruma mpaka meno yanacheza. Siku hizi vijana wanapewa vizibo vya masikio. Enzi zake nani angempa? Walikuwa wanachana kipande cha kanga kuukuu, wanakisokota, wanakitia sikioni, maisha yanaendelea.

Mchapakazi, jamani! Sijui niwaeleze vipi. Jogoo hajawika, yeye ameshafunga kamba za buti. Mvua yake, jua lake. Chenso ilimla kidole kimoja, akakifunga kitambaa, na kabla wiki haijaisha alikuwa amerudi kazini. Vilabu vya ulanzi, ile pombe ya mianzi, vilikuwa njiani, milango wazi, rafiki zake wanamwita, "Pita basi hata uonje!" Anacheka, anapunga mkono, anapita zake. Anawahi kwake. Kule kwake kulikuwa na watoto wanaomngoja uani wamkung'ute unga wa mbao kichwani. Huo ndio ulikuwa mchezo wao wa jioni. Baba anainama, watoto wanamkung'uta, wanapiga chafya, na mama yao anawafokea wote, baba na watoto, kwamba wanamwingizia uchafu ndani. Mtu wa familia, huyo. Hakulala nje hata siku moja, na watoto wake hawakurudishwa nyumbani kwa kukosa sare ya shule.

Sasa, msituni chenso zikiwaka hakuna anayemsikia mwenzake. Utaita mpaka koo likauke. Kwa hiyo wakata miti wana lugha yao ya mikono. Sisemi ile ya viziwi inayofundishwa shuleni, hapana, hii ni yao wenyewe, imezaliwa humo humo msituni. Mtu akivuta sikio, maana yake nyapara anakuja, zimeni sigara. Akipiga ngumi kwenye kiganja, leteni kabari. Akikunja vidole viwili hivi, mnaona? Maana yake kaa, tupumzike, tuongee. Mkata miti wetu alikuwa na mwenzake mmoja, wamefanya kazi pamoja tangu ujana. Hao wawili walikuwa wanaongea hivyo kutwa nzima. Wanasimuliana, wanataniana, wanasutana, na hakuna sauti inayotoka.

Na masikio? Masikio yaliondoka taratibu. Kwanza aliacha kusikia ndege. Halafu kengele ya kanisa. Siku anastaafu, hata ungempigia ngoma mgongoni asingegeuka. Ile chenso iliyowasomesha watoto wake ndiyo iliyokula masikio yake. Shikeni hapo.

Alipostaafu hakupata shida nyumbani, kwa sababu mkewe alikuwa amejifunza. Mama yule alikuwa na akili ya haraka. Aliishika ile mikono yote, akaongeza na ya kwake. Wakikaa jikoni utadhani wanagombana, kumbe wanamsengenya jirani! Mzee alikuwa mwongeaji. Sikieni vizuri hilo, mzee alikuwa mwongeaji kunishinda mimi. Watoto wakija likizo, mama ndiye anayetafsiri. "Baba yenu anasema umenenepa." "Baba yenu anauliza huyo mchumba wako ni wa ukoo gani." Watoto wanacheka, wanamjibu mama, mama anamjibu baba. Hakuna hata mmoja aliyejisumbua kujifunza. Ajisumbue kwa nini, na mama yupo?

Mama akafa.

Nyumba ile ikanyamaza, wapendwa. Mtaniuliza, kwa nini wasimwandikie kwenye karatasi? Mzee shule aliijua kwa nje tu. Akabaki na haja moja, na hiyo haja naomba muibebe mpaka nimalize: alitaka mtu mmoja wa damu yake amwelewe anaposema. Basi. Hakutaka gari, wala hakutaka nyumba ya vigae. Mtu mmoja.

Alijaribu, masikini. Binti yake mmoja alikuwa na duka mjini, si mbali sana. Akaja Jumamosi moja na mchele, na mafuta, na blanketi zito, kwa kweli binti hakuwa mchoyo. Mzee akamkunjia vidole viwili. Kaa, tuongee. Binti akatazama. Mzee akamkunjia tena. Binti akaishika ile mikono, akaigeuzageuza, akamwambia dada wa kazi waliyemwekea mzee, "Vidole vya baba vinakakamaa. Ni ile baridi ya msituni. Nitamletea dawa ya kuchua."

Na akaileta kweli! Ikawa kila asubuhi dada wa kazi anamchua mzee vidole, na mzee anamtazama tu. Sasa wewe ungefanyaje? Unamwambia mwanao kaa, yeye anakupaka dawa.

Mnacheka. Chekeni tu, nawangoja.

Kifungua mimba naye yuko mji mkubwa, ana cheo, ana watu wa kumbebea mkoba. Yeye akaleta televisheni. Kubwa, imeziba dirisha lote. "Baba asiwe mpweke," akasema. Kiziwi, unamletea televisheni! Mzee akawa anakaa mbele yake, anatazama midomo ya watu inavyofunguka na kufumba, mpaka usingizi unampitia. Halafu jirani wanasema, "Watoto wa yule mzee wanajua kutunza."

Mtu pekee aliyebaki wa kuongea naye ni yule mwenzake wa msituni, ambaye masikio yake yeye yalisalimika. Alikuwa anatoka kijiji cha pili, anajikokota na mguu wake mbovu na mabuti yake ya mpira, anakuja. Wakikaa kibarazani, mzee anabadilika kabisa. Mikono inaruka, anacheka mpaka anafuta machozi. Binti akiwakuta anasema, "Hawa wazee wamerudi utotoni, tazama wanavyocheza." Anapita ndani na vifurushi vyake. Hata siku moja hakusimama kuuliza, "Baba mdogo, mnaongea nini?"

Sasa watoto wakafanya kikao, kwenye simu, kwenye lile kundi lao la familia. Wakasema, baba ametutoa mbali, tusimsubiri afe ndipo tumsifie, tumfanyie sherehe ya kumshukuru angali hai. Wazo baya? Si baya! Mimi mwenyewe ningewapigia makofi. Ikaundwa kamati. Zikashonwa sare, vitenge vya kijani, eti rangi ya msitu. Yakaletwa mahema, na mshereheshaji kutoka mjini, na maspika marefu kuliko mlango ule pale, na mpiga picha, na keki yenye umbo la gogo. Ndiyo, gogo, na juu yake msumeno mdogo wa sukari. Walifikiria kila kitu.

Yule mwenzake hakualikwa. Nisiseme walisahau, maana hawakusahau. Jina lake lilitajwa kikaoni, na mmoja wao akasema, "Yule mzee wa mabuti? Tutamkalisha wapi sasa? Meza kuu imejaa." Wakaendelea na ajenda ya vinywaji.

Siku ikafika. Mzee akaogeshwa, akavishwa suti, shingo ikakabwa na tai, akakalishwa meza kuu kwenye kile kiti cha kukodi chenye maua, kama kiti cha mfalme. Hakuna aliyemweleza sherehe ni ya nini. Hebu fikirini, mtu anashukuriwa na hajui kama anashukuriwa! Yeye alidhani ni harusi. Alikuwa anaangaza macho kumtafuta bibi harusi.

Kifungua mimba akashika kipaza sauti. Akasoma historia ya baba. Imepangwa vizuri, mwanzo mpaka mwisho, na pale pa kulia akalia. "Baba yetu ni mchapakazi. Baba yetu ni mtu wa familia. Baba yetu ni mtu mkimya, mtu asiyependa maneno mengi." Watu wakapiga makofi. Mkimya! Mtu aliyekuwa na maneno ya kumwaga, amekosa tu pa kuyamwaga, mwanaye anasimama mbele ya watu anamwita mkimya.

Na hapo hapo, historia inasomwa, mzee akaweka mikono yote miwili kichwani.

Ninyi mmelelewa, mnajua kwetu mikono kichwani maana yake nini. Ulipokuwa mtoto ukajisahau ukakaa hivyo, bibi yako alikufanyaje? Si alikuzaba kofi? "Shusha! Unamlilia nani? Unataka kutuletea msiba humu ndani?" Na huyu anafanya hivyo meza kuu, mchana kweupe, mbele ya kamera na wakwe!

Binti akamwona. Akatoka mbio kwenye kiti chake, akaishika ile mikono, akaishusha, akailaza mezani. Akasema huku anatabasamu kwa ajili ya picha, "Baba jamani, usitufanyie hivyo. Unaitisha msiba siku ya furaha?" Hata hakukumbuka kwamba anaongea na mtu asiyesikia.

Mzee akairudisha. Viganja juu ya kichwa, viwiko nje. Anamtazama binti. Anamtazama mwanaye mwenye kipaza sauti. Meza za mbele wakaanza kunong'ona. Mshereheshaji, si mnawajua hao, hawaachi kitu kipite, akadakia, "Mzee haamini! Mzee anashangaa anavyopendwa!" Hema zima likaangua kicheko. Binti akaishusha tena mikono, safari hii kwa nguvu, akaibana mapajani kwa mzee, akamgeukia mpiga picha. "Hizo usizitoe," akasema.

Mara ya tatu mzee alishindwa. Mkono mmoja ulifika begani ukaanguka, na mwingine haukuinuka kabisa. Binti akaona ametulia, akashusha pumzi, akarudi kwenye kiti chake. Muziki ukafunguliwa. Keki ikaingia. Watoto na wajukuu wakapanga foleni wakicheza kuelekea meza kuu, sare zinameremeta, kila mmoja anakwenda kumlisha baba. Kifungua mimba akawa wa kwanza. Akachukua kipande, akakifikisha mdomoni kwa baba yake, kamera zinamulika. Mdomo haukufunguka.

Moyo ulikuwa umesimama. Muuguzi wa zahanati alikuwepo, wapendwa, amealikwa, amekaa humo humo hemani anakula wali. Magari yalikuwa yamepangwa nje mpaka barabarani. Zahanati yenyewe iko jirani, ungeanza kuimba wimbo pale getini usingeumaliza kabla ya kufika. Kila kitu kilikuwepo. Alikosekana mtu wa kusema, "Huyu mzee anaumwa."

Akafa na tai shingoni, katikati ya watu wanaomshukuru.

Msiba ukaanza. Mahema hayakushushwa, wapishi ni wale wale. Na mnajua watu walisema nini? Walisema, "Mzee alijitabiria!" Binti mwenyewe ndiye aliyekuwa anawasimulia waombolezaji, kila kundi jipya likiingia anaanza upya, mpaka ikawa kama ushuhuda. "Baba alijua. Mungu alimfunulia. Aliweka mikono kichwani mwenyewe akajililia, sisi tunamshusha, yeye anarudisha." Watu wanatikisa vichwa, "Alikuwa mcha Mungu, yule." Hata mchungaji, mwenzangu mimi, alikuwa ameshaipanga hiyo habari aitumie kwenye mahubiri ya mazishi. Ndiyo. Sisi nasi tumo.

Basi akafika yule mwenzake. Habari ilimfikia kwa kuchelewa, akatembea na mguu wake mbovu, akakuta watu wanajiandaa kwenda makaburini. Akakaa na wanaume kwenye moto, akapewa chai, akaisikia ile habari ya mikono. Akaweka kikombe chini. Akanyanyuka, akaenda moja kwa moja walikokaa wanawake, wanaume wanamwita arudi, yeye haitiki.

"Shikamoo, baba mdogo," binti akasema.

"Marahaba, mwanangu. Pole."

"Nimeshapoa."

"Nasikia unasema baba yako alishika kichwa. Nionyeshe alivyoshika."

"Baba mdogo, hapa msibani? Watu watatusema."

"Nionyeshe."

Binti akaweka mikono kichwani. Viganja juu, viwiko nje.

"Alikuwa anakutazama wewe?"

"Alikuwa ananitazama."

"Na ulipomshusha, akarudisha?"

"Akarudisha. Si ndiyo nasema, baba alijua kwamba..."

Yule mzee hakumngoja amalize. Akakaa pale pale, juu ya mkeka wa wanawake, akafunika uso. Alipoufunua, alikuwa na hasira ambayo binti hajawahi kuiona kwake.

"Hakujua kitu, mwanangu. Hakutabiri kitu. Alikuwa anakuita! Msituni mtu akishika kichwa hivyo, chenso zote zinazimwa, hata nyapara anakimbia. Ni kusema, naumia, njooni. Huu mguu unaouona, gogo lilinilalia, nikashika kichwa hivyo hivyo. Baba yako alikuwa ng'ambo ya bonde, amekata mti umefika nusu. Aliacha kila kitu akaja mbio, akalisukuma lile gogo kwa mikono yake. Ule mti ungeweza kumwangukia, na nyumbani alikuwa na mke mwenye mimba yako. Alikuja! Sasa yeye ameshika kichwa mbele ya watoto wake mwenyewe, na ninyi mmemshusha mikono!"

"Baba mdogo, mimi sikujua," binti akasema.

"Hukuuliza. Kila nilipokuja ulitukuta tunaongea, ukapita. Hukuuliza."

Binti akapiga yowe, akaanguka. Wanawake wakamkimbilia, wakamkumbatia, wakamwambia, "Jikaze mama, jikaze, ni mapenzi ya Mungu."

Mapenzi ya Mungu! Jamani, hivi sisi hatumwonei haya Mungu? Kila uzembe wetu tunambandikia yeye. Mungu ndiye aliyemfanya yule binti asikae kwenye kiti dakika chache atazame mikono ya baba yake? Mungu ndiye aliyesema meza kuu imejaa? Mungu alimpa yule mzee mikono, akampa na mdomo wa mikono, akampa na watoto wenye macho mazima. Sasa mlitaka afanye nini tena, ashuke na kipaza sauti?

Na msije mkamtupia mawe yule binti. Naona kuna watu wamekunja nyuso, wanasema moyoni, "Mtoto gani yule!" Yule alikuwa mtoto mzuri. Alimtembelea baba yake kuliko wewe unavyomtembelea wako. Alileta blanketi, alileta mchele, alileta hata dawa ya vidole! Alimpa baba yake kila kitu isipokuwa kumsikiliza, na ndicho kitu pekee baba alichokuwa anakiomba. Tatizo halikuwa upendo. Alimpenda. Tatizo ni kwamba alikuwa ameshaamua baba yake anahitaji nini, kwa hiyo hakuwa na haja ya kumsikia.

Si ndivyo tulivyo sisi? Mtaniambia, "Mchungaji, baba yangu mimi anasikia vizuri tu." Afadhali. Basi niambie mnaongea nini. Unapiga simu unatembea, "Shikamoo mama, hamjambo huko, nimetuma kitu kidogo, haya tutaongea." Mama anasema, "Mwanangu, siku hizi silali." Wewe unasema, "Pole mama, kunywa maji mengi." Amekuambia habari ya maji? Anasema, "Basi usijali, ni uzee tu." Nawe unafurahi, unakata simu. Umemshusha mikono mama yako, na hukumtazama hata usoni.

Wazazi wetu hawa hawakufundishwa kusema "naumia." Nani angewafundisha, walikuwa kazini. Kila mmoja ana lugha yake aliyoiokota huko alikokuwa anatutafutia chakula. Kuna baba anayekuuliza mara tatu kwenye simu moja, "Utakuja lini?" na wewe unadhani anasahau. Kuna mama anayesema hana njaa tangu juzi. Kuna mzee anayegombana na kila dada wa kazi unayemletea, wewe unasema, "Baba amekuwa mkorofi." Umewahi kukaa ukauliza, ukorofi huu ni wa nini?

Tunajua kushukuru, hilo nalikubali. Jirani zetu wote wameona sare zetu. Mwezi huu peke yake nimeombwa nikaombee sherehe za kushukuru wazazi, kadi ziko mezani kwangu, moja ina hata kamba ya dhahabu. Nitakwenda. Lakini nawaambia mapema, mbele ya kanisa lote, wala msininunie: kabla sijafungua mdomo kuomba, nitamwendea huyo mzazi pale meza kuu, nitamuuliza yeye, siyo kamati, kama anajua tumekusanyika kwa ajili gani. Na nitawauliza watoto mara ya mwisho walikaa naye lini bila kutazama saa. Wakishindwa kunijibu, nitakula wali wenu nitaondoka, na kuomba mtaomba wenyewe.

Amri ile ya kuwaheshimu wazazi tunaikariri toka darasa la kipaimara. Tumedhani heshima ni kiti chenye maua. Yule mkata miti alikalishwa kwenye kiti chenye maua, na alikufa humo.

Nimemaliza, na sitawaombea leo mguswe, kwa sababu kuguswa mnakujua sana. Mtalia hapa, mtapanguza macho, mtakwenda kununua nyama. Tukitoka nitasimama pale mlangoni kama kawaida kuwapa mkono. Atakayefika kwangu asiniambie, "Mchungaji, leo neno limeingia." Sitaki kulisikia. Aniambie mama yake anaumwa wapi.